Anayeongoza ibada afundishwe kwanza maana ya liturgia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa haraka linaweza kudhaniwa kuwa ni la ndani ya kuta za kanisa moja tu, ilhali linagusa Jumapili za mamilioni ya Watanzania. Ni suala la kuongoza ibada katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na hasa jinsi tunavyowaandaa, au tusivyowaandaa, wale tunaowasimamisha mbele ya madhabahu na kuwaambia watuongoze.

Mjadala kuhusu liturgia, yaani utaratibu wa ibada ulioandikwa kitabuni, umekuwa mkali. Wapo wanaotaka ipunguzwe kwa sababu, wanasema, vijana wanachoka nayo na kuhamia kwingine. Wapo wanaotaka isiguswe hata nukta, kwa kuwa ndiyo waliyolelewa nayo. Nimewasikiliza wote, katika vikao vya baraza la wazee na nje ya vikao, na ninaheshimu uchungu wa kila upande. Ninachokiona, hata hivyo, ni kwamba wote wanabishana kuhusu kitabu, na karibu hakuna anayeuliza habari za mtu anayekishika. Liturgia ile ile, kwa maneno yale yale, huwajenga washarika wa mtaa mmoja na kuwachosha wa mtaa wa pili, na mara nyingi sababu ni kwamba huku anayeongoza anaelewa anachokifanya, na kule hajawahi kuelezwa na mtu yeyote.

Kwa msomaji asiye Mlutheri, nieleze kidogo hali ilivyo. Usharika mmoja huweza kuwa na mitaa kadhaa, na mchungaji ni mmoja, au wawili mahali penye bahati. Jumapili nyingi, hasa vijijini, anayeongoza ibada ya mtaa ni mwinjilisti au mzee wa zamu. Mchungaji hufika kwa zamu yake, kwa Meza ya Bwana na ubatizo. Mwinjilisti walau amepita katika chuo cha Biblia. Mzee wa kanisa huchaguliwa na washarika kwa sababu ya mwenendo wake mwema, huingizwa kazini mbele ya usharika, na haipiti miezi mingi anatajwa katika matangazo kwamba Jumapili ijayo zamu ni yake. Anapewa kitabu, anaonyeshwa ukurasa wa kuanzia, na mafunzo yake yameishia hapo. Akitetemeka, tunasema atazoea. Naam, huzoea, lakini mtu aweza kuzoea jambo miaka mingi bila kulielewa.

Nini basi anachopaswa kuelewa? Ningeanzia Torgau, mji wa Ujerumani ambako tarehe 5 Oktoba 1544 Martin Luther alihubiri katika kuliweka wakfu kanisa jipya la ngome ya mji huo. Alisema kwamba ndani ya nyumba ile lisifanyike jambo jingine lolote isipokuwa Bwana wetu mwenyewe aseme nasi kwa Neno lake takatifu, nasi tumjibu kwa sala na nyimbo za sifa. Ibada nzima ya Kilutheri imesimama juu ya maneno hayo. Mungu anasema, watu wanajibu. Miaka 13 kabla ya hapo, Philip Melanchthon, mwenzake Luther, katika Utetezi wa Ungamo la Augsburg (tamko la imani la Walutheri) wa 1531, alikuwa amekwisha kutenganisha kwa uangalifu yale ambayo Mungu anatupa sisi na yale ambayo sisi tunamtolea Mungu, akionya kwamba mambo hayo mawili yakichanganywa kanisa hupotea njia. Kwa hiyo kiongozi wa ibada anayetaka kuifahamu kazi yake hana budi kujiuliza, katika kila kipengele kuanzia wimbo wa kuingia hadi baraka, nani hapa anasema na nani.

Swali hilo, likijibiwa vizuri, hufundisha hata mwili mahali pa kuelekea. Kwa desturi yetu, anayeongoza akisema na Mungu kwa niaba ya watu huigeukia madhabahu pamoja nao. Akisema na watu kwa niaba ya Mungu huwageukia watu. Mtu aliyefahamu hivyo hahitaji kukariri maelekezo madogo ya wapi ageuke na wapi asigeuke, kwa kuwa maneno yenyewe yanamwambia. Asiyefahamu hugeuka kwa sababu aliona wenzake wakigeuka, na siku akisahau, anaungama dhambi akiwatazama washarika usoni kana kwamba dhambi ni zao peke yao, kisha anatangaza rehema ya Mungu akiwa amewapa mgongo.

Niseme zaidi kuhusu mahali hapo pa kuungama, kwa sababu ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko penginepo. Katekismo Ndogo, kijitabu cha Luther cha mafundisho ya imani, inatufundisha kwamba kuungama kuna sehemu mbili: ya kwanza tunakiri dhambi zetu, na ya pili tunapokea msamaha kama unaotoka kwa Mungu mwenyewe, bila kuwa na shaka. Kila mtoto wa kipaimara analijua jibu hilo kwa moyo. Lakini sikiliza ibada nyingi. Sehemu ya kwanza husomwa kwa sauti ya huzuni, kama inavyostahili, na sehemu ya pili husomwa kwa sauti ile ile ya huzuni, haraka, macho yakiwa kwenye kitabu, kisha kinanda kinaingia kabla ya neno la mwisho. Mama aliyekuja na mzigo wa juma zima ameusikia mzigo wake ukitajwa, ila hakusikia ukiondolewa. Niliwahi kushuhudia, katika usharika ambao sitautaja, kiongozi wa nyimbo akichukua kipaza sauti mara tu baada ya kuungama na kuwaamuru watu wampigie Yesu makofi, na tangazo la msamaha likarukwa kabisa bila mtu kustuka. Sina ugomvi na makofi. Ninachouliza ni nani aliyemfundisha kijana yule kwamba baada ya kuungama kuna neno ambalo watu wanalingoja.

Au tuichukue salamu, "Bwana awe nanyi". Ni maneno mafupi mno, na kwa ufupi wake huonewa. Boazi aliwasalimu wavunaji wake hivyo katika shamba la Bethlehemu, nao wakamjibu kwa baraka. Msomaji ataikuta habari hiyo katika Ruthu 2:4. Katika ibada yetu salamu hii husimama pale ambapo jambo kubwa linataka kuanza. Kiongozi anawaombea watu uwepo wa Bwana, na watu wanamwombea yeye, wakikiri kwamba bila Bwana hata yeye hawezi kitu. Mzee anayeisema huku anatafuta ukurasa unaofuata amewanyima washarika nafasi ya kumwombea. Aiseme akiwa ametulia, awatazame, angoje waitikie mpaka mwisho, ndipo aendelee. Ni sekunde chache tu, lakini zinabadilisha hali ya chumba kizima.

Kolekta nayo, ile sala fupi ya siku inayotangulia masomo, ni shule kamili ya maombi ambayo tunaipita mbio. Imejengwa kwa mpango wa kale unaorudiwa Jumapili kwa Jumapili: Mungu anaitwa, linatajwa jambo alilolitenda au tabia yake tunayoitegemea, linaombwa jambo moja, inasemwa faida inayotarajiwa, na yote yanapelekwa kwa njia ya Yesu Kristo. Kiongozi akiufahamu mpango huo, hatakosa maneno hata pale asipokuwa na kitabu. Ataitwa usiku kwenye msiba, nyumba imejaa vilio, na ataweza kusimama na kuomba: "Mungu uliyemwinua Mwanao kutoka kaburini, mshike mkono mjane huyu, ili asiiogope kesho yake, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina." Sala hiyo ni fupi, haina kelele, na kila aliyeisikia anajua kilichoombwa. Linganisha na maombi yetu mengi ya siku hizi yanayozunguka robo saa, yakimweleza Mungu habari za mkutano na kuwasema washarika wasiotoa ahadi zao, hata anayeitikia Amina hajui anakubali nini. Watu husema kwamba sala za kitabu huua roho ya maombi. Mimi nimeona wazee waliofundishwa na kitabu kuomba vizuri nje ya kitabu.

Wapo watakaonijibu kwamba haya yote ni mambo ya Wajerumani, na kwamba umefika wakati wa kuabudu Kiafrika. Hoja hii ina sehemu ya kweli, na tuipe heshima yake. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro 1893, wale wa Berlin waliokwenda Nyanda za Juu Kusini na wale wa Betheli waliofanya kazi Usambara na Buhaya walikuja na nyimbo na taratibu za makwao, na si zote zilikuwa Injili. Hata hivyo, tuyatazame maneno yenyewe. "Bwana, utuhurumie" ni kilio cha vipofu na wenye ukoma katika Injili. "Utukufu kwa Mungu juu" waliuimba malaika kwa wachungaji wa Bethlehemu, Luka 2. "Mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu" Isaya aliusikia hekaluni, sura ya 6. "Mwana-kondoo wa Mungu" ni ushuhuda wa Yohana Mbatizaji kando ya Yordani, na baraka tunayoondoka nayo mlangoni ni ile ambayo Haruni na wanawe waliagizwa kuwabariki nayo Waisraeli, Hesabu 6:24-26. Ukiyaondoa hayo kwa kuwa ni ya Wajerumani, utakuwa umewapa Wajerumani mali isiyo yao.

Na Luther mwenyewe hakutaka utaratibu wake ugeuzwe sheria. Katika utangulizi wa Misa ya Kijerumani, iliyochapishwa 1526, aliwasihi wasomaji wasiufanye utaratibu ule kuwa amri ya kuzifunga dhamiri za watu, bali wautumie kwa uhuru wa Kikristo, kadiri mahali na wakati vinavyohitaji. Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 7, linasema kwamba kwa umoja wa kweli wa kanisa inatosha kukubaliana katika mafundisho ya Injili na utoaji wa sakramenti, wala si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Lakini kifungu cha 24 cha Ungamo hilo hilo kinakumbusha kwamba taratibu za ibada zinahitajika hasa ili kuwafundisha wasiojua. Ukivisoma vifungu hivyo pamoja utaona kwamba tuna uhuru wa kubadili, na tuna wajibu wa kubadili kwa namna inayofundisha. Kubadili kitu ambacho hujui kinafundisha nini si uhuru ambao Ungamo letu linauzungumzia.

Kwetu Tanzania jambo hili lina historia yake. Makanisa saba yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa KKKT yalitoka katika mikono ya wamisionari wa Kijerumani, wa Skandinavia na wa Kimarekani, na kila moja lilikuwa na mazoea yake. Leo mtu wa Singida akihamia Bukoba hufungua Tumwabudu Mungu Wetu, kitabu chetu cha nyimbo na ibada, na kukuta anaweza kuitikia. Umoja huo haukudondoka kutoka mbinguni. Wazee wetu waliufanyia kazi, nasi tunautumia bila kuufikiria. Na hawakuishia kurithi. Katika miaka ya 1960, Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi katika chuo cha theolojia cha Makumira, aliandika wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa tuni ya Kitanzania, na leo umo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani na kwingineko. Howard Olson, mmisionari aliyefundisha hapo hapo Makumira, alitumia miaka yake kukusanya nyimbo za namna hiyo ili makabila yetu yamwimbie Mungu kwa sauti zao. Walioandika nyimbo hizo waliijua liturgia kwanza. Kyamanywa aliandika habari ya kaburi tupu, malaika na wanawake, kwa mpangilio unaomfundisha hata asiyejua kusoma habari nzima ya asubuhi ile, na itikio linaloweza kuimbwa na mtoto. Huo ni Uafrika na ni Ulutheri kwa pamoja, na umetokana na mtu aliyefundishwa.

Mwaka 1996 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilitoa kutoka Nairobi tamko kuhusu ibada na utamaduni, na ninatamani kila baraza la wazee lingelijadili angalau jioni moja. Linasema ibada ya Kikristo ina uhusiano na utamaduni kwa njia nne: kuna mambo yaliyo ya watu wote wa kila mahali, kama ubatizo na Meza ya Bwana, kuna mambo yanayovaa mavazi ya mahali, kuna mambo ambayo Injili inayapinga katika kila utamaduni, na kuna mambo ambayo makanisa hupokezana. Mara nyingi tunalikumbuka la pili tu. Hilo la tatu ndilo linalonigusa zaidi ninapoona mnada wa sadaka baada ya ibada ukigeuka kuwa uwanja wa wenye fedha kuonyeshana, kuku mmoja akinunuliwa na kurudishwa mara tano huku mjane aliyemleta amesimama pembeni. Kumtolea Mungu mazao ni desturi njema na ya asili yetu kabisa. Kujionyesha mbele za Mungu pia kumo katika asili yetu, kama kulivyo katika asili ya kila taifa, na kiongozi wa ibada anapaswa kujua tofauti na kuwa na ujasiri wa kuisema.

Kuhusu muziki, ambao ndio unaozua maneno mengi, nitatoa mfano mmoja. Mwaka 1525, Luther alipokuwa anaandaa Misa ya Kijerumani, aliwaita Wittenberg wanamuziki wawili, Conrad Rupsch na Johann Walter. Walter alisimulia baadaye jinsi Luther alivyochagua sauti ya kuimbia masomo: alisema kwamba Kristo ni Bwana mpole na maneno yake ni matamu, kwa hiyo Injili ipewe sauti ya sita kati ya mitindo minane ya kale ya kuimba kanisani, na kwa kuwa Paulo ni mtume mwenye uzito, Waraka upewe sauti ya nane. Hebu fikiri juu ya mtu mwenye shughuli za matengenezo ya kanisa zima, anayekaa chini kutafakari somo hili liimbwe kwa sauti gani kwa sababu ya aliyelisema. Alihakikisha muziki unalitumikia Neno.

Tuje kwetu. Usharika mkubwa wa mjini una kwaya kuu, kwaya ya vijana, kwaya ya akina mama, kwaya ya uinjilisti, na siku hizi timu ya sifa. Kila moja imepangiwa nyimbo zake, na kila moja hufika na wimbo iliofanyia mazoezi juma lile, uwe unahusu chochote. Jumapili ya Kwaresima tunasikia nyimbo za harusi ya Mwana-kondoo. Jumapili ya Shukrani tunaimbiwa siku ya hukumu. Waimbaji wetu wanajitoa sana, wanafanya mazoezi jioni baada ya kazi, wananunua sare kwa fedha zao, na si haki kuwalaumu. Hakuna aliyewapa kalenda ya kanisa na kukaa nao kuwaonyesha kwamba Injili ya Jumapili fulani ni ipi na wimbo wao ungeweza kuijibu. Walimu wa kwaya ninaowafahamu wangefurahi sana kuombwa hivyo. Na vijana wa timu ya sifa, ambao wazee wengi huwatazama kwa jicho baya, ndio wenye kiu kubwa kuliko wote; wakielezwa kwamba nyimbo zao za mwanzo ni mwitikio wa mwaliko wa Mungu na kwamba zinawapeleka watu kwenye kuungama, wanachagua nyimbo kwa akili nyingine kabisa.

Lipo pia jambo ambalo kwa mzee wa mtaa wa mbali ni la kufa na kupona. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 14, linasema kwamba asiyeitwa kwa utaratibu asifundishe hadharani katika kanisa wala kutoa sakramenti, na sisi tunalishika hilo. Lakini Walutheri tangu mwanzo wamekubali kwamba mtoto akiwa mahututi na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Mzee wa kanisa anaweza kugongewa mlango saa nane usiku kwa ajili hiyo. Je, anajua kwamba kinachohitajika ni maji na maneno, "Ninakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu", akiwa amemtaja mtoto kwa jina lake, na kwamba Sala ya Bwana ikisaliwa pamoja na wazazi inafaa sana? Anajua kwamba baadaye anapaswa kumwarifu mchungaji ili ubatizo uandikwe, na kwamba mtoto akipona habatizwi tena, bali huletwa mbele ya usharika ili ubatizo wake uthibitishwe? Nimewauliza wazee kadhaa, watu wazuri na waaminifu, na baadhi walinijibu kwamba wangemwombea tu mtoto na kungoja asubuhi. Lawama si yao.

Sitaki msomaji adhani kwamba hali ni mbaya kila mahali. Ninamfahamu mzee mmoja wa mtaa ulio juu kabisa milimani, mkulima wa kahawa, aliyeishia darasa la saba. Zamu yake inapokaribia, huyasoma masomo ya Jumapili kwa sauti jioni ya Jumamosi, wajukuu wakisikiliza, na mtoto akiuliza neno asilolielewa, huweka alama ya penseli pembeni na Jumapili hulisoma hapo polepole zaidi. Huandika maombi ya kanisa kwenye daftari la shule: kwanza kanisa zima, kisha nchi na viongozi wake, kisha wagonjwa wa mtaa kwa majina yao, kisha wafiwa, na mwisho wale ambao hakuna anayewakumbuka. Hufika kanisani mapema, huhakikisha kitambaa cha madhabahu ni cha rangi ya majira, hufungua Biblia mahali pake, kisha hukaa kimya. Ibada yake haizidi saa moja na nusu, na vijana wa mtaa ule hawajahama. Nilipomuuliza nani alimfundisha, alinitajia mwinjilisti wa zamani aliyemchukua kama msaidizi wake, akamweleza kila kipengele kwa nini kipo, na kumruhusu aongoze kidogo kidogo: kwanza kusoma somo, baadaye sala, baadaye ibada yote.

Njia hiyo ya mwinjilisti yule haihitaji bajeti kubwa wala semina ya hoteli. Mchungaji anaweza kukaa na wazee wake jioni moja kwa juma, katika majira ya Utatu ambayo ni marefu na hayana shughuli nyingi, wakapitia liturgia kipengele kwa kipengele wakiuliza nani anasema na nani. Mzee mpya asipangiwe zamu ya kuongoza kabla hajasaidia kwa muda chini ya mwingine. Walimu wa kwaya na viongozi wa timu za sifa waitwe kwenye mikutano hiyo kama wenzao, si kama watuhumiwa. Watoto wa kipaimara, ambao tayari wanajifunza Katekismo, waelezwe pia ibada wanayoihudhuria kila Jumapili, na wapewe nafasi ya kusoma masomo wakiwa wameandaliwa, maana wazee wa kesho ni hao. Kwa upande wa dayosisi, ningeomba vyuo vyetu, ambavyo vina wataalamu wa liturgia na muziki, viandae kijitabu chepesi cha maelezo kwa lugha ya mzee wa mtaa, chenye sababu za kila jambo na si maelekezo peke yake. Sisi wazee nasi tukubali kukaa darasani. Wapo watakaoona haya kufundishwa jambo walilolifanya kwa muda mrefu, na wachungaji wawafikirie kwa upole.

Mwaka wa kanisa huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma yanayotangulia Krismasi, na mabaraza mengi hupanga zamu za mwaka mpya majuma machache kabla ya hapo. Ninawaomba wachungaji na wenyeviti wa mabaraza kwamba safari hii, kabla ya ratiba ya zamu kubandikwa ukutani, kila aliyetajwa humo awe amekaa na mtu wa kumweleza.

Wako katika huduma,
Mzee wa Kanisa,
Moshi